Mkaa, Maji na Floraidi: Uso Ndio Unaoamua

Kipande cha mkaa kilichopoa kutoka tanurini kikitupwa kwenye ndoo ya maji kinaelea. Wengi husema kinaelea kwa kuwa mkaa ni mwepesi, na hapo ndipo tunapoanza kupotea. Kiunzi cha kaboni chenyewe, ukiondoa nafasi zote tupu zilizomo ndani yake, ni kizito kuliko maji: sentimita moja ya ujazo ina uzito wa kati ya gramu 1.4 na 2, wakati maji ya ujazo huo ni gramu 1 tu. Kinachokifanya kielee ni hewa iliyokaa ndani ya maelfu kwa maelfu ya vitundu, na maji yapo mlangoni yameshindwa kuingia. Ukikiacha siku kadhaa, hewa hutoka polepole, maji huingia, mkaa huzama. Ukikichemsha kwanza kwenye asidi ya nitriki, ukakiosha na kukikausha, huzama mapema zaidi, ingawa vitundu vyake ni karibu vilevile.

Kwa nini vitundu vilevile vikatae maji leo na kuyakubali kesho? Swali linaonekana la maabara, lakini kwa mkazi wa Bagara, hapa mjini Babati, lina uzito wa kila siku. Mkoa wa Manyara umo katika Bonde la Ufa, na sehemu ya visima vya ukanda huu ina floraidi nyingi kupita kiasi. Machujio ya mkaa yanauzwa kwa ahadi kubwa. Kila baada ya mavuno, mashamba ya wilaya yanabaki na vijiti vya mbaazi, magunzi ya mahindi na maganda ya alizeti, na hakosekani mtu wa kusema kwamba hayo yote ni mali, yachomwe yawe mkaa wa kusafishia maji. Huenda yakawa mali. Lakini mkaa hauamuliwi na vitundu peke yake. Kinachoamua utanasa nini na utaacha nini ni kemia ya uso wa ndani wa vitundu hivyo, na kemia hiyo hubadilishwa na mikono ya watu, kwa makusudi au bila wao kujua.

Tuanze na vitundu, kwa kuwa ndivyo wauzaji wanavyovitangaza. Mkaa ulioamilishwa, yaani uliotengenezwa maalumu ili uwe na vitundu vingi, huwa na eneo la uso la kati ya mita za mraba 500 na 1,500 kwa kila gramu moja. Ule unaotengenezwa kwa potasiamu haidroksaidi unaweza kufika 3,000. Wataalamu huvigawa vitundu kwa upana: vidogo kabisa ni vya chini ya nanomita 2, vya kati ni nanomita 2 hadi 50, na vikubwa ni vya zaidi ya hapo. Molekuli ya maji ina upana wa takriban nanomita 0.28, kwa hiyo kwa umbo inapita hata kwenye vitundu vyembamba.

Eneo hilo hupimwaje? Kwa gesi ya nitrojeni, katika baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri, kwa hesabu ambayo Stephen Brunauer, Paul Emmett na Edward Teller waliitoa mwaka 1938. Nitrojeni haichagui sana. Inakaa juu ya kaboni hata ikiwa kidogo mno, na hujaza vitundu vidogo mapema. Tarakimu inayoandikwa kwenye mfuko wa mkaa basi ni ushahidi wa namna nitrojeni inavyouona mkaa huo. Maji yanauona vingine kabisa.

Uso safi wa kaboni umejengwa kwa tabaka za atomi zilizopangika katika pembesita, mfano wa zile za grafiti. Tabaka hizo hazina chaji ya kushika molekuli ya maji. Maji kwa upande wake yanapendana yenyewe kwa yenyewe kwa nguvu kubwa, kwa vifungo vya hidrojeni, kuliko yanavyoipenda kaboni. Molekuli iliyo peke yake ndani ya kitundu haioni sababu ya kubaki. Hata hivyo hakuna mkaa ulio safi kabisa. Pembeni mwa tabaka, pale ambapo pembesita zinakatika, kuna atomi za kaboni zilizobaki na mkono wazi, na oksijeni huzidaka. Hapo huzaliwa vikundi vya kemikali: kaboksili, fenoli, laktoni, kaboneli na vinginevyo. Vikundi hivi vinaweza kushikana na maji kwa vifungo vya hidrojeni.

Mkemia wa Kisovieti Mikhail Dubinin na mwenzake Serpinsky walilieleza jambo hili katikati ya miaka ya 1950 kwa namna ambayo bado inatumika. Vikundi vya oksijeni, walisema, ni vituo vya kwanza. Molekuli moja ya maji ikishakaa kwenye kituo, yenyewe inageuka kuwa kituo cha molekuli ya pili, ya pili inaita ya tatu, hadi kundi linakua na kukutana na kundi jingine la upande wa pili wa kitundu. Ni kama wageni wa harusi: hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kuingia ukumbini, lakini wakishaketi watatu wanne, mlango haufungiki tena. Ukichora mchoro wa kiasi cha maji kinachonaswa dhidi ya unyevu wa hewa, unapata mstari unaolala chini mwanzoni, unaopanda ghafla mahali fulani kati ya asilimia 30 na 70 ya unyevu, kisha unatulia juu. Ukianza kukausha, mstari haurudi njia ile ile. Maji hubaki ndani hadi unyevu ushuke zaidi ya pale yalipoingilia.

Umuhimu wa mchoro huo ulijulikana kwanza vitani. Tarehe 22 Aprili 1915, karibu na mji wa Ypres nchini Ubelgiji, jeshi la Wajerumani lilifungulia gesi ya klorini, na mwaka huohuo Nikolay Zelinsky wa Urusi alitengeneza barakoa ya mkaa. Wamarekani walifikia kukusanya kokwa za pichi na vifuu vya nazi ili wapate mkaa mgumu wa barakoa. Tatizo lilijitokeza upesi: mkaa uliokaa katika hewa yenye unyevu hujaa maji, na uliojaa maji hauna tena nafasi ya sumu. Utafiti mwingi juu ya maji na kaboni katika karne ya 20 ulisukumwa na hofu hiyo. Sisi tumeurithi kwa ajili ya kisima na ndoo ya kunywea.

Sasa tuje kwenye kemikali zenyewe, maana hapa ndipo maneno ya kibiashara yanapoharibu zaidi. Kuna kazi mbili tofauti ambazo huchanganywa. Ya kwanza ni kutoboa vitundu wakati wa kutengeneza mkaa. Ya pili ni kuubadili uso wa mkaa ambao tayari una vitundu.

Kazi ya kutoboa ina njia kuu mbili, na zote zilipatiwa hataza na Raphael von Ostrejko mwaka 1900 na 1901. Njia ya mvuke huchukua mkaa wa kawaida na kuupitishia mvuke wa maji au kabonidioksaidi kwenye joto la nyuzi 800 hadi 1,000, na gesi hiyo inakula kaboni taratibu ikiacha vitundu. Njia ya kemikali huloweka malighafi ghafi, kwa mfano vifuu au unga wa mbao, kwenye kemikali kabla ya kuchoma. Ostrejko alitumia chumvi kama zinki kloraidi. Siku hizi asidi ya fosforiki ndiyo inayopendwa zaidi viwandani, kwa sababu inafanya kazi kwenye joto dogo, nyuzi 400 hadi 600, na sehemu yake kubwa hukusanywa na kutumika tena. Potasiamu haidroksaidi hutoboa vitundu vidogo vingi mno, lakini huhitaji nyuzi 700 hadi 900, hula vyombo, na mkaa wake lazima uoshwe hadi maji ya kuoshea yasibadili tena rangi ya karatasi ya litmasi.

Kila njia huacha alama yake usoni. Mkaa wa asidi ya fosforiki hutoka na vikundi vya oksijeni na fosforasi, una uchachu, na hupenda maji mapema. Mkaa wa mvuke wa nyuzi 900 hutoka na uso wenye oksijeni kidogo, ulioegemea upande wa besi, na huchelewa kupokea maji. Mikaa miwili ya vifuu vya nazi, yenye eneo moja la uso kwa kipimo cha nitrojeni, inaweza basi kuwa na tabia mbili tofauti kabisa kwenye hewa ya asilimia 40 ya unyevu. Mmoja umelowa, mwingine umekauka. Aliyeandika mita za mraba tu kwenye mfuko hakudanganya, ila hakusema lolote juu ya hilo.

Kazi ya pili ni ile ya kubadili uso. Asidi ya nitriki ndiyo bingwa wake. Mkaa ukichemshwa ndani yake, pembe za tabaka huoksidishwa na kaboksili huongezeka sana. Hidrojeni peroksaidi na ozoni hufanya kazi hiyohiyo kwa upole zaidi, na hata hewa ya kawaida kwenye joto la nyuzi 300 hadi 400 hufanya sehemu ya kazi hiyo. Vikundi hivyo hupimwa kwa njia ya Mjerumani Hanns-Peter Boehm: mkaa unalowekwa kwenye besi za nguvu tofauti na kuangaliwa kila besi imetumika kiasi gani. Magadi ya kupikia mikate, yaani sodiamu baikaboneti, hukutana na kaboksili peke yake. Sodiamu haidroksaidi hukutana na kaboksili, laktoni na fenoli. Ni kemia ambayo mwanafunzi wa kidato cha sita anaimudu.

Na maji hufanyaje? Hapa naomba msomaji awe mvumilivu, kwa sababu jibu lina sehemu tatu na watu hukosea kwa kuzichanganya. Vikundi vya oksijeni huamua maji yataanza lini. Upana wa vitundu huamua vitajaa lini: kitundu chembamba hujaa kwenye unyevu mdogo, kipana husubiri. Na ujazo wote wa vitundu huamua mwisho wake ni kiasi gani. Mkaa wenye vitundu vya jumla ya sentimita za ujazo 0.5 kwa gramu utabeba takriban gramu 0.5 za maji ukishajaa, uwe umeoksidishwa au la. Ukiutia asidi ya nitriki, mstari mzima wa mchoro husogea kushoto, mkaa unalowa mapema, kwenye hewa kavu zaidi, na pengine kiasi unachobeba kwenye unyevu wa asilimia 30 kinapanda mara kadhaa. Mwisho wa mstari haupandi. Mara nyingi hushuka, kwa kuwa asidi kali hubomoa kuta nyembamba za vitundu na vikundi vipya huziba milango. Kwa hiyo anayesema kwamba kuoksidisha kunaongeza maji yanayonaswa, na anayesema kunapunguza, wote wawili wanaweza kuwa wanasema kweli, kila mmoja akiwa amesimama sehemu yake ya mchoro.

Kurudi nyuma kunawezekana. Mkaa uliooksidishwa ukipashwa moto bila hewa, kaboksili huvunjika kwenye nyuzi 200 hadi 400 na kutoka kama kabonidioksaidi. Fenoli na kaboneli husubiri nyuzi 600 na kuendelea, na hutoka kama kabonimonoksaidi. Ukipoza mkaa huo hewani, pembe zilizobaki wazi hudaka oksijeni upya. Ukipashwa kwenye gesi ya hidrojeni kwa nyuzi 900, pembe hufungwa, na mkaa unaendelea kukataa maji kwa muda mrefu. Gesi ya amonia huweka nitrojeni badala ya oksijeni. Kuosha kwa asidi ya hidrokloriki hakugusi sana kaboni, lakini kunaondoa majivu, na majivu yana chumvi za potasiamu na kalisi ambazo zenyewe huvuta maji. Hili la mwisho linatuhusu moja kwa moja: mkaa wa vijiti vya mbaazi au magunzi una majivu ya kutosha, na anayeupima bila kuuosha anaweza kudhani anapima kaboni kumbe anapima chumvi.

Kuna mabadiliko mengine ambayo hayahitaji asidi wala tanuri. Mkaa ukiachwa wazi kwenye hewa yenye unyevu huzeeka. Oksijeni huendelea kuuingia kwa miezi, na maji huharakisha jambo hilo, hivyo mkaa uliokuwa unakataa maji wakati wa kufungwa kiwandani unaweza kuwa unayapenda wakati wa kufunguliwa. Klorini inayotiwa kwenye maji ya bomba nayo huoksidisha uso wa mkaa kila inapopita. Mkaa unaiondoa klorini kwa kuigeuza kuwa kloraidi, na kila unapofanya hivyo unalipa kwa uso wake. Jambo hilo lina upande wa pili ambao mwenye chujio nyumbani haambiwi: klorini ikishaondoka, bakteria wanapata makazi ndani ya mkaa. Maji ya mamlaka ya mji, ya BAWASA, yakipita kwenye chujio la mkaa lililosahaulika miezi mingi, yanaweza kutoka na vijidudu zaidi ya yalivyoingia.

Je, mkaa unaopenda maji ni bora kuliko unaoyakataa? Wengi hujibu haraka kwamba ndiyo, maana tunataka kusafisha maji. Jibu hilo si sahihi. Tukitaka kunasa dawa za kuulia wadudu zinazotiririka kutoka mashambani, au viyeyushi, au harufu ya mafuta, mkaa wenye oksijeni kidogo ndio bora. Vitu hivyo vinapenda uso wa grafiti, na ukiweka vikundi vya oksijeni humo ndani, makundi ya maji yanakaa mlangoni na kuvifungia nje. Kwa upande mwingine, tukitaka risasi, shaba au kadimiamu, uso uliooksidishwa hushinda, kwa kuwa kaboksili huachia hidrojeni na kushika chuma. Mkaa mmoja hauwezi kuwa bingwa wa vyote. Muuzaji anayekuhakikishia kwamba chujio lake linaondoa kila kitu, muulize lilitiwa kemikali gani, kisha sikiliza kimya kitakachofuata.

Hapo tumefika kwenye floraidi, na naomba nikae hapa kwa muda, kwa kuwa kwa Manyara na Arusha hili ndilo swali lenyewe. Miamba ya volkano ya Bonde la Ufa, kutoka Mlima Meru hadi Mlima Hanang na kwingineko, huachia floraidi ndani ya maji ya ardhini. Maji hayo mara nyingi yana baikaboneti nyingi na kalisi kidogo, na kalisi ingekuwapo kwa wingi ingeishika floraidi na kuiangusha chini. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania kwa miaka mingi iliruhusu hadi miligramu 8 kwa maji ya vijijini, baadaye ikashusha hadi 4, kwa sababu ya kukosa maji mbadala, na sasa kiwango cha taifa ni 1.5 kama kwingineko. Madhara yanayoonekana kwanza ni meno yenye madoa ya kahawia. Yanapozidi kwa miaka mingi, mifupa hukakamaa na kupinda. Magadi ya asili ya kupikia makande na maharage nayo huongeza floraidi, jambo ambalo takwimu za visima peke yake hazilioni.

Mkaa ulioamilishwa wa kawaida hauondoi floraidi kwa kiasi cha maana kwenye maji ya kunywa. Watafiti wa Marekani waliona tangu miaka ya 1930 kwamba mkaa hushika floraidi ikiwa maji yana uchachu mkali wa pH 3 au chini yake, na maji ya visima vyetu yako upande wa pili kabisa, ya kibesi. Floraidi ni ioni ndogo yenye chaji hasi, imevikwa maji pande zote na haiyaachi kirahisi. Uso wa kaboni hauna cha kuivuta, na ukiuoksidisha ndiyo unazidi kuharibu, maana kaboksili kwenye maji ya kibesi huwa na chaji hasi na huifukuza. Hapa kemikali ile ile inayoufanya mkaa upende maji inaufanya ushindwe zaidi na floraidi.

Kinachofanya kazi ni mkaa wa mifupa, na siri yake haiko kwenye kaboni. Mifupa ya ng'ombe ikichomwa kwa hewa kidogo hutoa kitu chenye kaboni ya takriban asilimia 10 tu. Sehemu kubwa iliyobaki ni kalisi fosfati ya aina ya haidroksiapataiti, na floraidi huingia humo kwa kuchukua nafasi ya haidroksili. Viwanda vya sukari vya Ulaya vilitumia mkaa huu tangu mwanzoni mwa karne ya 19 kuondoa rangi ya sukari, wala havikuwa na habari za floraidi. Moto ndio kila kitu. Kwenye nyuzi 400 hadi 500, mkaa hutoka mweusi au wa kijivu na hufanya kazi vizuri. Mifupa ambayo haikuiva vya kutosha hubaki na mafuta, na maji yake hunuka, mtu akiyaonja mara moja hayarudii. Mifupa iliyochomwa kupita nyuzi 600, ikawa myeupe, fuwele zake hukua na kuungana, vitundu hupotea, na uwezo wake hushuka.

Kituo cha utafiti wa kuondoa floraidi cha Ngurdoto, chini ya Wizara ya Maji, karibu na Maji ya Chai mkoani Arusha, kimefanya kazi hii kwa miongo. Huko ndiko watafiti wa Kitanzania na wenzao wa Denmark waliendeleza njia ya kutia kalisi na fosfati ndani ya maji kabla hayajapita kwenye mkaa wa mifupa, ili floraidi igande juu ya mkaa badala ya kuutegemea mkaa peke yake. Nchini Kenya, Dayosisi Katoliki ya Nakuru ilijenga mpango wake wa mkaa wa mifupa na baadaye vidonge vya kalisi fosfati. Mkaa ukishajaa, unaweza kuoshwa kwa sodiamu haidroksaidi na kurudishwa kazini, ingawa maji ya kuoshea yana floraidi nyingi na lazima yatupwe kwa uangalifu. Nalgonda, njia ya India ya kutumia shabu na chokaa, ni rahisi zaidi lakini huacha tope na huhitaji kipimo sahihi kila siku.

Upinzani umekuwapo na una sababu. Wapo wasiotaka kunywa maji yaliyopita kwenye mifupa ambayo hawajui mnyama wake aliuawa vipi, na wapo wanaoona ni uchafu tu. Mhandisi akiudharau upinzani huo atabaki na machujio yasiyotumika. Njia nyingine ya kuukwepa ni kuchukua mkaa wa kawaida, kwa mfano wa vijiti vya mbaazi, na kuupaka alumini au kalisi ndani ya vitundu. Maabara nyingi zimeonyesha kwamba inawezekana. Hapo mkaa unakuwa rafu tu ya kubebea kemikali, na swali la usalama linahamia kwenye alumini inayoweza kuvuja ikiwa pH haikudhibitiwa.

Kaskazini mwetu, Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Afrika ya Nelson Mandela jijini Arusha imetoa mfano mwingine. Askwar Hilonga, mzaliwa wa kijiji cha Gongali wilayani Karatu, alishinda tuzo ya kwanza ya Afrika ya ubunifu wa uhandisi ya Royal Academy of Engineering ya Uingereza mwaka 2015 kwa chujio linalounganisha mchanga na nanomateriali. Kilichonivutia kwake ni wazo kwamba chujio lipangwe kulingana na uchafu wa mahali husika. Maji yenye floraidi ya Arusha hayahitaji kitu kilekile na maji yenye metali ya eneo la machimbo.

Kuhusu mkaa wa shambani nitapita haraka. Mkaa mpya uliochanganywa kwenye udongo huweza kukataa maji mwaka wa kwanza, kisha ukaoksidika na kuyapokea. Kuuloweka kwanza na samadi au mboji hupunguza tatizo hilo. Faida ya kushika maji huonekana zaidi kwenye udongo wa kichanga kuliko mfinyanzi, kwa hiyo mkulima wa udongo mzito asitarajie muujiza. Kuvuna maji kutoka hewani kwa kaboni, ambako kupanda ghafla kwa mchoro ndiko kunakotafutwa, bado ni kazi ya maabara na sioni sababu ya kumuuzia mtu wa Babati ndoto hiyo sasa.

Lipo jaribio moja ambalo shule yoyote ya sekondari ya Babati inaweza kulifanya bila asidi kali. Kausha vipande vya mkaa kwenye joto la nyuzi 105 hadi uzito usibadilike. Viweke kwenye bakuli, bakuli ndani ya ndoo yenye mfuniko unaobana, na chini ya ndoo weka chumvi ya mezani iliyoloweshwa hadi isiyeyuke zaidi. Hewa ndani ya ndoo itakaa kwenye unyevu wa takriban asilimia 75. Ndoo ya pili yenye magnesi kloraidi itatoa takriban asilimia 33. Pima uzito kila siku hadi utulie. Linganisha mkaa wa mgunga, wa magunzi, wa vijiti vya mbaazi, uliooshwa na usiooshwa, mpya na wa mwaka jana. Tofauti ya ndoo mbili itaonyesha kama ni uso au ni ujazo unaoongea. Asidi ya nitriki, zinki kloraidi na potasiamu haidroksaidi ziachwe kwa wenye maabara ya kweli. Jikoni si mahali pake, na mvuke wa asidi ya nitriki inapochemka ni sumu.

Nitasema pia ambalo wafadhili hawapendi kusikia. Mradi wa kugeuza mabua kuwa mkaa wa kusafishia maji hauwezi kupimwa kwa tani zilizochomwa wala kwa mita za mraba zilizotangazwa. Upimwe kwa maji ya kisima halisi, chenye jina, kabla na baada, kwa kitu kilichokusudiwa kuondolewa, na upimwe tena mkaa ukiwa umetumika miezi sita. Mwaka 2017 India ilipobana uagizaji wa mbaazi, bei iliporomoka na wakulima wa Babati wakaona jinsi soko moja linavyoweza kuwageuka. Wasije wakauziwa soko jingine la maneno, safari hii la vijiti vya mbaazi hiyohiyo.

Kwa mkazi wa Bagara mwenye kisima chake, neno langu ni fupi. Kabla hujanunua chujio lolote, peleka chupa ya maji yako kwenye maabara ya maji ya serikali, uombe kipimo cha floraidi na cha vijidudu. Ikiwa floraidi imezidi miligramu 1.5, chujio la mkaa wa kawaida halitakusaidia hata likiwa ghali kiasi gani. Tafuta mkaa wa mifupa uliothibitishwa au chanzo kingine cha maji, na watoto walio chini ya miaka minane ndio waanze kupewa maji hayo salama, maana meno yao ya ukubwani bado yanaumbika ndani ya fizi.